Mgeni Mdogo wa Nyumba ya Bang

Gamgol, 4 Aprili 1984

Wifi Inja,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Ndugu yako Sangdeok ameshikwa na tetekuwanga. Ndiyo, hiyo hiyo ya watoto wa chekechea, kaipata ana miaka arobaini na tano, na kwa mtu mzima haina mchezo. Homa ilimwangusha kwanza. Kisha vipele vikatoka mgongoni, kichwani, mdomoni, na pale ambapo ni mke tu anayeamrishwa kupaangalia.

Siwezi kukupigia simu. Simu iko sebuleni, na Mama yenu anasikia hata nzi akimeza mate. Tena Mama amekataza ugonjwa usitajwe kwa jina lake. Tunasema "Mgeni". Anasema ndui alikuwa Mgeni Mkubwa, madaktari wakamuua, basi huyu mdogo wake aliyebaki apewe heshima za wote wawili. Amefunga kamba ya majani ya mpunga langoni asiingie mtu. Hakuna kupigilia msumari, Mgeni asije akaumia macho. Hakuna kushona. Hakuna kukaanga kwa mafuta. Hakuna daktari, kwa sababu kumwita daktari ni kumfukuza mgeni. Na hakuna kuoga.

Hajaoga tangu kipele cha kwanza, wifi. Madirisha yamefungwa, na sakafu inapashwa moto kwa makaa chini yake mchana kutwa ili Mgeni astarehe. Nikisukuma mlango asubuhi, harufu inanipokea kama mtu mwenye nyumba: usaha, jasho, supu ya jana. Shuka limegandana na mgongo, nalibandua kwa maji ya uvuguvugu, naye ananifokea, "Taratibu, we mwanamke! Unachuna ng'ombe?"

Wasichana wetu watatu nimewapeleka kwa dada yangu Yeongju, kwa kuwa hawajawahi kuugua.

Lakini kinachoninyima usingizi si usaha. Ibada ya mwaka ya marehemu baba yenu ni mwezi huu, na kikombe cha kwanza cha pombe lazima kimiminwe na mwana mkubwa. Wazee wa ukoo wameanza tena: "Sangdeok hana mtoto wa kiume. Baada yake atamimina nani?" Wakisema hivyo wananitazama tumboni, kama watu wanaochungulia kisima kilichokauka. Miaka ishirini nimepika ibada za nyumba hii ya Bang, na kwao bado niko kwenye majaribio. Mama amesema mwaka huu jambo la mrithi litakwisha. Sijui litakwisha vipi. Ninachojua ni kwamba likiniendea vibaya, nitabaki mpishi katika nyumba niliyoolewa kuwa bibi yake.

Nitumie dawa ya kupaka, ya kutuliza mwasho. Huku siruhusiwi kununua.

Maeng Sunrye


Seoul, 7 Aprili 1984

Sunrye,

Nimesoma barua yako katika chumba cha walimu, nikafunika chakula changu nikampa mwenzangu.

Nchi nzima inapigwa rangi ili wageni wa michezo ya dunia watuone tumestaarabika, na nyumbani kwetu mama yangu anaupigia magoti usaha! Nikiandika hayo gazetini wataniambia nawavua nguo wazazi. Kila nikiandika juu ya jambo la kweli naambiwa nimemvua mtu nguo. Sawa. Huyu wetu kavuliwa tayari, na wewe ndiye unayemfuta.

Vipele havinitii kinyaa. Ngozi inafanya kazi yake. Ninachokionea kinyaa ni mwanamume aliyesoma chuo kikuu, afisa mzima wa ushirika wa wakulima, anayejua vidudu vya mpunga kwa majina, amelala kwenye uchafu wake akiheshimiwa kama mungu mdogo, na hasemi kitu. Mama nitamsamehe, yeye alizika kaka zake wawili kwa ndui. Sangdeok amemzika nani?

Nakutumia chupa mbili za kalamini ya kutuliza mwasho, glavu, na kikata kucha. Mkate kucha leo leo, hata akilia. Fungua dirisha. Mama akiuliza, sema Mgeni ameomba hewa.

Sasa nijibu mambo mawili. La kwanza: wewe uliwahi kuugua? Mimi niliugua nikiwa darasa la pili. Wewe sijui. Mtu mzima inaweza kumshukia mapafuni, na hapo Mgeni hutoka na mwenyeji wake. La pili: Sangdeok kaambukizwa na nani? Ugonjwa huu hauanguki na umande, unatoka kwenye mwili unaingia kwenye mwili. Je, kuna mtoto yeyote aliyeugua hapo Gamgol?

Inja


Gamgol, 11 Aprili 1984

Wifi Inja,

Mzigo umefika. Chupa moja Mama ameimwaga chooni. Kasema kumpaka Mgeni udongo usoni ni matusi. Ya pili nimeificha kwenye pipa la mchele, na ndugu yako namdanganya kuwa ni maji ya maharage meusi.

Ungekuwepo uone asubuhi zetu. Mama anakuja na bakuli la maji safi, anainama hadi paji la uso liguse sakafu, anauliza, "Mheshimiwa, umelala salama?" Siku mbili za kwanza ndugu yako aliona haya. Siku ya tatu akazoea. Sasa anajibu kwa niaba ya Mgeni: "Mgeni anataka peasi. Limenywe." Mama anakimbia. "Mgeni hapendi uji huu, una chumvi." Mimi nakimbia. Juzi Mgeni aliomba sigara.

Koo lake lina vidonda, anatema kwenye bakuli nililolishika mimi. Akitema anafumba macho. Mimi siruhusiwi kufumba. Magamba yakianguka, Mama anayaokota moja moja, anayafunga kwenye karatasi nyeupe asije mtu akayakanyaga. Ameyaweka kwenye kabati la sahani. Tangu jana siwezi kula.

Kuhusu ibada: nyumba yenye Mgeni haiwezi kuwaita wafu, Mgeni huona wivu. Basi itafanyika kwa Baba Mkubwa wa ukoo, na Mama amesema amekwisha kupata mtu wa kumimina kikombe mahali pa mume wangu. Hakunitajia ni nani. Kaniambia tu nitafute kanzu ya sherehe, ndogo. Nikamkumbusha kuwa kushona ni mwiko. Akasema, "Kanunue ya dukani."

Nimeinunua. Inamfaa mtoto wa darasa la kwanza.

Sunrye


Seoul, 13 Aprili 1984

Sunrye,

Nilikuuliza mambo mawili, ukanijibu habari za peasi. Wewe si mtu wa kusahau. Mtu asiyejibu swali ana jibu lake mfukoni.

Kanzu ya nani?

Inja


Gamgol, 17 Aprili 1984

Wifi Inja,

Alikuja na Mama kwa teksi kutoka Daegu, asubuhi ya ibada. Anaitwa Seokjun, ana miaka saba. "Mtoto wa binamu wa mbali," alisema Mama, na binamu huyo wa mbali hakuwa na jina.

Nilikuwa kizingitini na beseni la maji machafu. Mtoto akanipita, akavua viatu, akaingia chumba cha mgonjwa, na Mama hakumshika. Mama huyu huyu aliyemfukuza tarishi langoni! Aliyesema wanangu wasikanyage hata ua! Nikapiga kelele, "Mama, mtoto ataambukizwa!" Akanijibu bila kugeuka, "Huyu hana neno, keshampokea Mgeni mwezi uliopita."

Kisha akajiziba mdomo. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na mwiko wake mwenyewe ndio uliomtoa. Alimtafuta mtu anayeweza kutoka kitandani kwa mgonjwa akaenda mbele ya wafu bila Mgeni kukasirika, na katika ukoo mzima mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Nikamtazama mtoto. Makovu ya paji la uso bado mekundu. Masikio ni ya ndugu yako, yale yaliyotokeza kama vishikio vya chungu. Na mle ndani nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu binti yetu Yeonhui alipokuwa mchanga: "Njoo. Njoo kwa baba. Vya kwako vimepona?"

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Hapa Gamgol hakuna mtoto aliyeugua. Niliuliza shuleni siku ile ile barua yako ilipofika, nikaenda nikakaa kwenye ngazi za shule. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka iwe uongo kwa siku chache zaidi.

Nimekuwa nikiosha ugonjwa wa nyumba ya pili, wifi. Kila kipele nilichokipaka dawa kwa kidole changu kilitoka kwenye godoro la watu. Nanawa mikono hadi ngozi inapasuka, na bado naisikia ile harufu kwenye kucha.

Mtoto alimimina kikombe vizuri. Wazee walilia. Jumapili ijayo watakutana hapa, kwa kuwa Mgeni atakuwa ameagwa, wamwandike Seokjun mrithi katika kitabu cha ukoo. Mimi natakiwa nitoke mbele yao nimpokee kama mwanangu. Nilipolia, Mama aliniambia, "Sasa unalia nini? Umepata mtoto wa kiume bila hata uchungu wa kuzaa!"

Nikikubali, nimekuwa mama wa mrithi, kitu nilichokitamani miaka ishirini. Nikikataa, wataniita mke mwenye wivu, na hiyo peke yake inatosha kunitoa.

Na swali lako la kwanza: hapana, sijawahi kuugua.

Sunrye


Gamgol, 23 Aprili 1984

Dada mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimepona, ingawa bado nyonge. Mgeni tuliagana naye kwa heshima. Mama alimsukia farasi wa majani, akambebesha keki za mchele na matunda makavu ya persimoni, tukamsindikiza hadi mtoni.

Naamini Sunrye amekwisha kukueleza habari za Seokjun, kwa jinsi anavyoona yeye. Sitajitetea. Jambo lilitokea, na mwanamume aliyebeba ukoo mabegani ana majukumu ambayo ninyi wanawake wa mjini mnayaandika kwa wepesi magazetini. Mtoto hana kosa.

Jana wazee walikutana sebuleni. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mama akaita pombe ya mchele iletwe. Sunrye akaja na trei.

Dada, sijui nikuelezeje. Uso wote ulikuwa umejaa. Malengelenge hadi kwenye kope. Moja lilikuwa limepasuka kidevuni, linachuruzika. Akapiga magoti mbele ya Baba Mkubwa, akamimina, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, na mikono yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Baba Mkubwa akarudi nyuma kwa makalio hadi kofia yake ya singa za farasi ikaanguka. Mzee wa Uiseong akatapika barazani. Wengi wao waliugua utotoni, lakini nani anakumbuka hayo wakati usaha uko mbele ya pua yake? Wakaondoka wote. Kitabu hakikufunguliwa. Mtoto alikuwa amekaa pale na kanzu yake, peke yake, akila keki.

Aibu gani hii ametutia? Si angesema tu kwamba anaumwa?

Sasa yuko kwenye chumba cha ghala. Homa ni kali. Mama ni mzee, mabinti hawawezi kuja, majirani wanaogopa. Mimi mwenyewe sijapata nguvu, na kusema kweli, ile harufu siiwezi. Wewe uliwahi kuugua. Njoo umhudumie siku chache, na ukiwa hapa umweleweshe kuhusu mtoto. Wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Sangdeok


Seoul, 25 Aprili 1984

Sangdeok,

"Ile harufu siiwezi." Nimeisoma mara tatu, nikaangalia chini yake kama kuna jina la mtu mwingine.

Harufu hiyo ni ya kwako. Uliitoa Daegu, ukaileta nyumbani, ukaitandikia godoro, ukaitilia makaa chini ya sakafu, na mke wako akalala nayo akikushikia bakuli la mate. Uliomba peasi kwa jina la mungu! Ulikuwa na homa, lakini akili ilikutosha kujua peasi lipi ni tamu. Sasa harufu imehamia mwili wa mwingine, ukagundua kuwa una pua.

Unaniambia aliwatia aibu. Wazee hao wamekula alichopika miaka ishirini. Walikula wakimwita kisima kikavu, na matumbo yao yalituliza chakula vizuri kabisa. Siku moja, moja tu, akawaletea kikombe akiwa na ugonjwa aliopewa na nyumba yao, wakatapika. Mbona hawakutapika mama yangu alipofunga magamba yako kwenye karatasi akayaweka na sahani? Mbona hawakutapika waliposikia mtoto wa miaka saba anatolewa kwa mama yake kwa teksi kama ndama?

Usijifiche nyuma ya mtoto. Simgusi. Nazungumza na wewe.

Nami nimesoma vitabu vyote ambavyo wanaume wa ukoo wetu wanavitaja bila kuvifungua, na sijaona mahali palipoandikwa kuwa uchaji kwa wafu ni kuwatelekeza walio hai kwenye ghala la viazi.

Sasa nisikilize. Katika mkoa mzima hakuna anayefaa kumwuguza Sunrye kuliko wewe. Ugonjwa huo hauwezi kukupata tena. Ingia mle ndani. Bandua shuka kwa maji ya uvuguvugu, taratibu. Mkate kucha. Mpake dawa, iko kwenye pipa la mchele. Ndiyo, ile uliyoipenda ukidhani ni maji ya maharage. Shika bakuli akitema, na usifumbe macho. Akihema kwa shida, mwite daktari, na Mama akikuzuia mlangoni, msogeze.

Nilimwandikia Sunrye tarehe kumi na tisa na hajanijibu. Kama barua haikumfikia, najua ilichomwa na nani, na kwenye jiko gani.

Nakuja Jumamosi na gari la kukodi.

Inja


Gamgol, 26 Aprili 1984

Wifi,

Naandika nimelala, nivumilie. Anayenipelekea barua hii posta ni mke wa fundi baiskeli. Anasema yeye aliugua zamani na hamwogopi mtu.

Mume wangu amekuja mara moja. Aliacha uji kizingitini, akausukuma ndani kwa ufagio. Nilimsikia akikohoa kwa kinyaa. Nikacheka, na mdomo ukapasuka.

Mama hasemi "Mgeni" tena. Jana alimwambia jirani, na ukuta huu ni mwembamba, "Ana tetekuwanga. Mtu asipojali usafi ndivyo inavyokuwa." Jina limetoka mdomoni mwake laini kabisa! Kwangu hakuna kamba langoni, hakuna bakuli la maji, hakuna atakayesuka farasi. Wanakaanga samaki. Wanapigilia misumari kutwa, wanamtengenezea mtoto rafu ya vitabu, na kila pigo linaniingia kichwani.

Atakuwa amekuambia kuwa nilileta trei kwa makusudi. Si kweli. Nilikuwa nimelala jikoni na homa, Mama akaita, miguu ikaenda. Ilikwisha kufundishwa. Lakini nilipomwona Baba Mkubwa anarudi nyuma, nilimsogezea kikombe karibu zaidi. Hilo lilikuwa la makusudi, na lilinifurahisha kuliko kitu chochote tangu mwaka jana.

Barua yako sijaiona, lakini nimesikia wakigombana kwamba utakuja. Usije kunihudumia hapa. Ukija, njoo kunitoa.

Sunrye


Seoul, 24 Mei 1984

Baba Yeonhui,

Hatujawahi kuandikiana, na sikujua nianzeje, kwa hiyo naanza na habari. Sijafa. Ilishuka kifuani kama dada yako alivyohofia. Nililazwa, nikatoka. Baada ya hapo yeye ndiye aliyeniuguza. Hana mkono mwepesi. Alinipaka dawa huku akitukana ukoo mzima hadi babu wa saba, na alipoona mgongo wangu alitoka nje akatapika kwenye beseni la kufulia. Kisha akarudi, akamalizia kunipaka. Nimeona watu wawili wakitapika kwa ajili yangu mwaka huu, na ni mmoja tu aliyerudi.

Wasichana wako nami. Hukuwaulizia, nikaona nikuambie.

Mama amepiga simu. Amesema nimesamehewa, nirudi kabla ya ibada ya babu, kwa kuwa hakuna anayejua kupanga meza. Sitarudi. Wazee wakutane tena, wamwandike Seokjun. Sitapinga, wala sitamwita mwanangu. Ana mama yake aliyemzaa.

Nimemfikiria sana mwanamke huyo nikiwa kitandani. Nilitaka kumchukia, ila nilikuwa najikuna, na mtu anayejikuna hawezi kuchukia kwa muda mrefu. Mwezi wa tatu alikesha na mtoto mwenye vipele, wewe ukija na kuondoka. Mtoto alipopona, mkampakia kwenye teksi, yeye mkamwacha na kitanda kitupu. Mnamtaka mtoto bila tumbo lililomzaa, kama mlivyotaka ibada bila mikono iliyozipika. Mleteni na yeye. Aingie kwa lango kubwa, mchana, watu wakiona. Hili ndilo sharti langu pekee la kunyamaza, na dada yako ana safu yake gazetini kila Alhamisi, anasubiri nimruhusu.

Nilikaa miaka ishirini nikiogopa kunyang'anywa kiti cha bibi wa nyumba. Nimelala wiki nne mbali nacho, na sijaota hata siku moja nimekikalia. Naota masufuria.

Funguo za ghala, ambazo hushikwa na bibi wa nyumba, ziko ndani ya mtungi mtupu wa mchuzi wa soya, ule wenye ufa. Usimpe Mama. Mpe mama yake Seokjun, mkononi, mbele ya wazee wote. Akizikataa, ujue safari hii umepata mwanamke mwenye akili kunishinda.

Maeng Sunrye